Baridi yabisi uzeeni: dozi ya zamani huenda isikufae leo

Mgonjwa wa baridi yabisi aliyeanzishiwa methotreksati, dawa ya kuzuia ugonjwa huu usiharibu viungo, akiwa na miaka 45 anaweza kufika 70 akimeza vidonge vilevile, kwa idadi ileile. Dawa haijabadilika, figo ndizo zilizobadilika. Methotreksati hutoka mwilini zaidi kupitia figo, nazo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, hata kwa asiye na ugonjwa wa figo. Dawa ikikawia kutoka, hudhuru uboho wa mifupa, kiwanda cha chembe za damu.

Kipimo cha damu cha kreatinini, taka inayochujwa na figo, peke yake kinaweza kupotosha. Kreatinini hutokana na misuli, na mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo jibu huonekana zuri ilhali figo zimechoka. Muombe daktari akokotoe kiwango cha uchujaji wa figo. Kikishuka chini ya mililita 60 kwa dakika, dozi huangaliwa upya. Chini ya 30, kwa kawaida dawa hii huachwa.

Kosa linaloua ni kumeza kila siku dawa ya mara moja kwa wiki. Vidonge 4 vya miligramu 2.5, kwa mfano, ni dozi ya wiki nzima. Akivirudia kila siku, mzee huanza na vidonda vya mdomo na kuhara, kisha chembe za damu huporomoka. Chagueni siku moja, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye pakiti, na mtu mwingine nyumbani aijue. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara ya methotreksati, mara nyingi miligramu 5, humezwa siku tofauti. Vidonge vyote viwili huwa vidogo vya njano, kwa hiyo visiwekwe chombo kimoja. Na septrini, aina ya antibiotiki, isitumiwe kabisa pamoja na methotreksati: hata kwa siku chache tu inaweza kuangusha uboho. Mwambie mfamasia kabla hajakupa antibiotiki yoyote.

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu bila kuzuia kiungo kuharibika. Kwa mzee anayetumia dawa za presha kama losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza, kuongeza diklofenaki kunaweza kuzimisha figo, hasa akiwa anaharisha. Parasetamoli, kwa kipimo sahihi, ni salama zaidi kwa figo.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, hushawishi kwa sababu nafuu yake ni ya haraka. Ikitumiwa kwa miezi, hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na huleta mtoto wa jicho. Lengo liwe dozi ndogo kabisa, pamoja na mpango wa kuipunguza. Aliyeitumia zaidi ya wiki 3 asiikatize ghafla. Unga wa mitishamba unaoondoa maumivu usiku mmoja tuutilie shaka. Baadhi huchanganywa kwa siri na dawa za jamii hii.

Kuacha dawa zote kwa kuogopa madhara nako ni hatari: ugonjwa usiodhibitiwa huharibu viungo na kuongeza maradhi ya moyo. Haidroksiklorokwini, dawa nyingine ya baridi yabisi, ni laini zaidi, ila isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee wa kilo 40 hutosheka na miligramu 200, kwa hiyo apimwe uzito kila anapofika kliniki. Macho hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, mapema zaidi figo zikiwa dhaifu.

Anayetumia methotreksati akipata homa, vidonda vya mdomo, kikohozi kikavu kipya au pumzi kuwa fupi, asimeze dozi ya wiki hiyo. Aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa na dawa zake zote mkobani.