Stelingi hakuhesabu hadi tatu: filamu za makauboi na historia yenyewe

Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka tukifika mada ya Marekani ilivyoinuka kibepari, lazima mkono mmoja unyooke: "Mwalimu, kule si kila mtu alikuwa na bastola kiunoni? Mkikosana mnatoka nje, mnahesabu, anayewahi kuchomoa ndiye mshindi?" Mwaka huu nimeulizwa hivyo na madarasa mawili, kisha na mzazi kikaoni, kisha na kinyozi wangu. Picha za makauboi nimekua nazo, nilizitazama kibanda umiza nikiwa nimekaa chini kwenye mkeka, na mpaka leo nazipenda. Lakini swali hili limenichosha, na jibu lake naliandika hapa ili anayeuliza tena nimpe asome.

Dhana: Makauboi walimalizana kwa kushindana kuchomoa bastola

Mapambano ya namna hiyo yaliyothibitika ni machache mno. Linalokaribia filamu ni la mpiga bastola maarufu Wild Bill Hickok na mcheza kamari Davis Tutt, mjini Springfield, Missouri, tarehe 21 Julai 1865. Waligombea deni la kamari na saa ya mfukoni, wakatazamana uwanjani kwa umbali wa mita 70 hivi, wakafyatua karibu kwa pamoja, Tutt akaanguka. Kwa umbali huo kinachomwokoa mtu ni shabaha, wepesi wa mkono haumsaidii. Hickok naye aliuawa Deadwood mwaka 1876, kwa risasi ya kisogoni, ameketi anacheza karata. Hivi ndivyo watu walivyouana mara nyingi: kwa kuviziana, kwa ulevi, mmoja akiwa hana habari.

Sasa tuje Tombstone, Arizona, maana hapo ndipo kila anayebishana nami hukimbilia. Ilikuwa tarehe 26 Oktoba 1881, saa tisa alasiri. Watu wanalitaja zizi la farasi la O.K. Corral, lakini risasi hazikupigwa zizini. Zilipigwa kwenye kiwanja chembamba kilichokuwa wazi kando ya studio ya mpiga picha. Pande mbili, ndugu wa akina Earp waliokuwa askari wa mji na kundi la Ike Clanton, zilisimama karibu kiasi cha kuweza kusalimiana kwa mkono wakipiga hatua chache. Ndani ya sekunde 30 zilitoka risasi 30 hivi, na Billy Clanton pamoja na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury, wakafa. Ike Clanton, aliyeshinda akitoa vitisho tangu usiku, hakuwa na silaha. Alikimbia.

Chanzo chake ndicho ninachowaomba watu wakishike. Mji wa Tombstone ulikuwa na sheria, Namba 9, inayokataza kutembea na silaha mjini. Ukiingia, unaikabidhi kwenye banda la farasi au kwenye baa, unaichukua ukiondoka. Asubuhi ya siku ileile Ike alikuwa ameshatozwa faini mahakamani kwa kuivunja. Alasiri Virgil Earp, mkuu wa polisi wa mji, alikwenda pale kiwanjani kuwanyang'anya silaha wenzake Ike. Wyatt, ambaye filamu humfanya ndiye bosi, alikuwa msaidizi wa kaka yake. Kwa hiyo pambano maarufu kuliko yote ya makauboi lilitokea kwa sababu bastola zilipigwa marufuku! Nikilisema hili darasani wanafunzi hucheka wakidhani natania. Sitanii. Tena baada ya pale hakuna aliyepanda farasi akapotelea machweoni: Ike aliwafungulia kesi ya mauaji, hakimu Wells Spicer akasikiliza mashahidi kwa karibu mwezi mzima, ndipo akaona hakuna kesi ya kuipeleka mbele.

Filamu ya My Darling Clementine ya mwaka 1946 ni nzuri kwa macho, lakini ndiyo iliyopotosha zaidi. Inamuua Doc Holliday, rafiki wa Wyatt aliyepigana upande wake, palepale kwenye pambano, wakati alikufa kitandani kwa kifua kikuu, Colorado, mwaka 1887. Inamfanya James Earp kitinda mimba anayeuawa mwanzoni, wakati alikuwa mkubwa kwa Virgil na Wyatt, na aliishi hadi 1926. Mzee Clanton, baba yao Ike na Billy, kwenye filamu anaongoza vita, ilhali alikuwa ameuawa miezi miwili kabla. Hata ile miamba mikubwa nyuma yao ni ya Monument Valley, mpakani mwa Arizona na Utah, huku Tombstone ikiwa kusini kabisa karibu na Mexico. Filamu ya Tombstone ya mwaka 1993 imejitahidi sana: masharubu, mavazi, ile marufuku ya silaha, vyote vimo. Kisha ikaharibu kwa kumpambanisha Holliday na Johnny Ringo, mmoja wa maadui wa akina Earp, wakati Ringo alikutwa amekufa chini ya mti Julai 1882 na wachunguzi wakaandika kuwa alijiua.

Tombstone haikuwa peke yake. Dodge City, Kansas, ilisimamisha bango barabarani kuwa kubeba silaha ni marufuku. Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji katika miji mitano ya biashara ya ng'ombe ya Kansas kuanzia 1870 hadi 1885, akapata 45. Wapo wanaokumbusha kwamba miji ile ilikuwa midogo, hivyo 45 si haba ukilinganisha na wakazi, na wana hoja. Lakini filamu moja humaliza idadi hiyo kabla hujamaliza karanga zako.

Halafu kuna moshi. Risasi za wakati ule zilikuwa za baruti nyeusi. Baruti isiyo na moshi ilipatikana Ufaransa mwaka 1884. Piga risasi tano ndani ya baa, humwoni tena uliyekuwa unampiga. Stelingi angekuwa anakohoa.

Dhana: Makauboi wote walikuwa Wazungu

Makadirio ya kawaida ni kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Ufundi wenyewe, kitanzi, tandiko, hata neno rodeo, ulitoka kwa wachungaji wa Mexico. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838, akawa askari wa serikali kuu tangu 1875 hadi 1907. Filamu zilizomtaja katika miaka ninayoikumbuka kibandani? Hakuna.

Dhana: Misafara ya walowezi iliangamizwa na "Wahindi Wekundu"

Kipindupindu ndicho kilichoangamiza. Mwanahistoria John Unruh aliorodhesha wasafiri 362 waliouawa na wenyeji kati ya 1840 na 1860, na wenyeji 426 waliouawa na wasafiri. Na tuache kuwaita kana kwamba ni kabila moja. Filamu nyingi za zamani zilichukua Wanavajo zikawaita Waapache, nao wakazungumza Kinavajo mbele ya kamera. Dances with Wolves ya 1990 ilifanya vizuri kuwapa Walakota lugha yao, ila ikawafanya Wapawnee kuwa maadui tu. Mwaka 1873 walioshambuliwa na kuuawa kwa wingi kule Nebraska walikuwa Wapawnee, na walioshambulia walikuwa Walakota.

Dhana: Billy the Kid alitumia mkono wa kushoto

Picha maarufu ya mhalifu huyu ilitoka kinyume, kama kwenye kioo. Bunduki aliyoshika ni Winchester ya 1873, na tundu lake la kujazia risasi liko upande wa kulia. Kwenye picha ile linaonekana kushoto. Kwisha.

Ushauri wangu kwa anayependa filamu hizi: kariri miaka mitatu. Baruti ya dinamaiti, 1867. Bastola ya Colt ile anayoshika kila stelingi, 1873. Hataza ya seng'enge ya Glidden, 1874. Filamu ikikwambia ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 na mtu ana Colt ile, umeshajua. Na usiwe mwepesi wa kutupa kila kitu. The Good, the Bad and the Ugly ilipigwa Hispania na Waitaliano, na watu huniambia vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vinavyoonyeshwa humo jangwani vimetungwa. Jeshi la Kusini chini ya Sibley kweli liliingia New Mexico mwaka 1862, na baada ya mapigano ya Glorieta Pass mwezi Machi lilirudi Texas likiwa na njaa na kiu.