Mnajuana majina hapo kazini, au ni "we wa maabara"?

Jamani, ukiongelea mahusiano mazuri kazini watu wengi wanawaza bonanza, tisheti za rangi moja, nyama choma na mpira. Ni vizuri, mimi kama afisa utumishi wa hospitali siyapingi kabisa, ila Jumatatu watu wanarudi na bado wanaitana "we wa maabara" na "yule wa usafi", sasa hapo tumejenga nini?

Nitoe mfano wa upasuaji maana ndio naupenda. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vitu 19 vya kuhakiki wakati wa operesheni, ikajaribiwa kwenye hospitali za miji 8, kuna London, Toronto, New Delhi, na ya kwetu ilikuwa Ifakara, hapo Morogoro. Humo kuna kipengele unaweza ukakiona cha kitoto: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, daktari bingwa, mtu wa nusu kaputi, nesi anayeshika vifaa, wote. Matokeo yakatoka Januari 2009, vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya operesheni kutoka 11 hadi 7. Sio majina peke yake, zilikuwemo antibayotiki na kuhesabu vitambaa na sindano, lakini fikiria nesi anahesabu vitambaa anaona kimoja hakipo, halafu anatakiwa amkatize bosi ambaye hajawahi kumsemesha hata siku moja. Ni mtihani mkubwa! Aliyeshafungua mdomo mara moja mbele ya wenzake, mara ya pili inakuwa rahisi.

Kwetu shida haswa ni vyeo. Heshima tunayo na ibaki, shikamoo dokta ni sawa, ila isigeuke woga. Mtafiti wa Harvard anaitwa Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa wodini akitegemea timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache, akakuta ndio zimeripoti mengi zaidi, kwa sababu watu wake hawaogopi kusema. Kwahiyo bosi ukiona idara yako imemaliza mwaka mzima bila kosa hata moja kuripotiwa usianze kushangilia, kaa nao kwanza uwasikilize.

Cha kufanya hakihitaji bajeti. Kwenye makabidhiano ya zamu wekeni dakika mbili za majina, mlinzi na mhudumu wa usafi wakiwemo. Mwajiriwa mpya atembezwe idara zote siku ya kwanza, asiachwe akae kwenye kiti anasubiri kuulizwa yeye ni nani. Chai ya saa nne bosi asinywee ofisini kwake.

Halafu nguvu kubwa tunayo tayari, angalia magrupu yetu ya WhatsApp, michango ya harusi, rambirambi, watu wanakodi koasta kwenda kumzika mzazi wa mwenzao mkoani. Mtu aliyekuja kukuzikia mama yako unashindwaje kumwambia dozi aliyoandika ni kubwa? Na wewe uliyeandika, ukiambiwa hivyo mbele ya watu, neno la kwanza kukutoka liwe asante, maelezo yafuate baadae.