Jumuiya ya kikanda ya wabunifu majengo: ni nini, na kazi yake ni ipi?

Muhuri wa mbunifu majengo ni kitu kidogo: jina na namba ya usajili, hugongwa kwenye kona ya mchoro. Ukishagongwa, yupo mtu anayejulikana atakayejibu iwapo ngazi ya dharura ni nyembamba mno, au mlango wa kutokea ukumbini unafunguka kwa ndani na watu wakabanana. Lakini nguvu ya muhuri huo huishia mpakani. Ng'ambo ya pili wino ni uleule, ila hakuna anayelazimika kuutambua. Pengo hilo ndilo linaloipa jumuiya ya kikanda sababu ya kuwepo.

Kwa lugha nyepesi, ni chama cha vyama. Mbunifu hujiunga na chama cha nchi yake, na vyama vya nchi kadhaa huungana kuwa kimoja. Umoja wa Wabunifu Majengo wa Afrika ulianzishwa Lagos mwaka 1981; Baraza la Wabunifu Majengo la Ulaya lilianza mwaka 1990. Kwa ngazi ya dunia upo Umoja wa Kimataifa wa Wabunifu Majengo, uliozaliwa Lausanne mwaka 1948, ambao umeigawa dunia katika kanda 5. Afrika ni ya tano.

Wengi huchanganya chama na bodi ya usajili, na mkanganyiko huo huwagharimu wateja. Bodi imeundwa kwa sheria: husajili, hutoa leseni, na humfuta aliyekiuka miiko ya kazi. Chama kinaweza kumvua mtu uanachama, basi. Mwenye nyumba iliyopasuka kuta kwa uzembe wa mchoraji akipeleka malalamiko chamani peke yake, amebisha hodi kwenye mlango usio na rungu.

Kazi nzito kuliko zote ni kusukuma nchi zitambue sifa za wataalamu wa nchi nyingine. Kutambuana huko huanzia darasani, kwa swali linaloonekana jepesi: mbunifu amesoma nini, kwa miaka mingapi? Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2005, baada ya marekebisho ya 2013, linataka miaka 5 ya chuo, au 4 ya chuo na 2 ya kazi chini ya usimamizi. Afrika Mashariki nako, baada ya Itifaki ya Soko la Pamoja kuanza kutumika mwaka 2010, makubaliano ya kutambuana kwa wabunifu majengo yalisainiwa mwaka 2011. Hata hivyo, naamini cheti pekee hakitoshi. Mgeni hajui udongo unaovimba mvua ikinyesha, wala upepo wa jioni unatoka upande gani. Afanye kazi bega kwa bega na mwenyeji.

Vyama hivi hulinda pia haki katika mashindano ya usanifu. Kanuni ninayoithamini kuliko zote ni ya kuficha majina: waamuzi huona michoro yenye namba tu, na jina hubaki ndani ya bahasha iliyofungwa mpaka mshindi apatikane. Shindano la Kituo cha Pompidou, jengo la sanaa na utamaduni jijini Paris, lilipata maombi 681. Mwaka 1971 likawaendea Renzo Piano na Richard Rogers, vijana wa miaka ya thelathini ambao majina yao yasingewabeba.

Kupanga ada ya kazi ya mbunifu ni suala lenye miba. Mwaka 1990 chama cha wabunifu cha Marekani kilikubaliana na serikali, mbele ya mahakama, kuacha kuwazuia wanachama wake kushindana kwa ada. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa viwango vya chini na vya juu vya ada vilivyowekwa kisheria Ujerumani vinakiuka sheria ya Umoja huo. Kwa hiyo msaada wa chama umehamia kwenye mkataba wa mfano, unaotaja kila hatua ya kazi, malipo yake, na mwenye haki ya michoro. Mteja akimwambia mbunifu kijana, “Chora kwanza, tutaelewana baadaye,” kijana hana haja ya kubishana. Anaufungua mkataba na kumwonyesha mstari unaosema kwamba mchoro wa awali nao ni kazi, na una malipo yake.