Je, wajua kwa nini uchumi ukiyumba, fidia ya aliyeumia kazini nayo huyumba?

Tuseme fundi wa ujenzi ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ghorofa ya pili huko Paje, Zanzibar. Mguu umevunjika mahali pawili. Mwezi huo huo wageni wamekatika, hoteli aliyokuwa akiijenga imesimamisha kazi, na mkandarasi hapokei simu. Fundi ana haki yake kisheria, hilo halina ubishi. Lakini haki hiyo atailipwa na nani, na kwa fedha zipi?

Kila kitu kinategemea fedha za fidia zimekaa wapi kabla ajali haijatokea.

Masuala ya kazi na ajira si ya Muungano, kwa hivyo Zanzibar ina sheria zake. Fidia kwa wafanyakazi ina sheria ya mwaka 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Msingi wake ni kwamba mwajiri ndiye mwenye dhima: mfanyakazi akiumia, au akifariki na kuacha wategemezi, madai yanakwenda kwa mwajiri huyo. Mwenye bima atalipiwa na kampuni ya bima. Asiyekuwa nayo anatoa mfukoni mwake.

Tanzania Bara walikwenda njia nyengine. Sheria ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Waajiri binafsi walianza kwa kulipa asilimia 1 ya mishahara, taasisi za umma asilimia 0.5. Baadaye Serikali ikawapunguzia waajiri binafsi hadi asilimia 0.6, kisha 0.5, ili kuwapunguzia gharama za biashara.

Tofauti hiyo haionekani sana mambo yakiwa mazuri. Inaonekana mwaka kama 2020. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni wapatao 538,000; mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 260,000. Kuanzia Nungwi hadi Makunduchi hoteli zilifungwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Sasa mfikirie mpishi aliyeungua mikono Disemba 2019 kwenye hoteli isiyokuwa na bima. Deni lake limeiva wakati ule ule ambao mwajiri hana mgeni hata mmoja. Anayedaiwa na anayedai wameanguka pamoja. Angekuwa chini ya mfuko, angelipwa na michango ya waajiri wote, pamoja na wale wa sekta ambazo hazikuguswa sana. Tena mchango ukiwa ni asilimia ya mishahara, mishahara ikipungua nao unapungua, na mwajiri anapata nafuu bila ya kumpigia hodi waziri.

Kuwepo kwa mfuko au bima hakumalizi maneno, lakini. Jimbo la California, Marekani, lilikuwa na bima ya lazima kwa takriban waajiri wote. Mwaka 1995 liliondoa viwango vya chini vya bei, kampuni za bima zikashindana kuuza rahisi kuliko gharama halisi, zikitegemea faida ya uwekezaji kuziba pengo. Uwekezaji ulipodorora miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni nyingi zilifilisika, na mfuko wa bima wa jimbo ukajikuta umebeba zaidi ya nusu ya soko. Kufikia 2003 waajiri walikuwa wakilipa wastani wa zaidi ya dola 6 kwa kila dola 100 za mishahara, huku bajeti ya jimbo ikiwa na nakisi kubwa. Aprili 2004 Gavana Arnold Schwarzenegger alitia saini mageuzi: malipo ya ulemavu wa muda yakawekewa ukomo wa wiki 104, na ulemavu wa kudumu ukaanza kupimwa kwa vigezo vikali zaidi. Bei za bima ziliporomoka, waajiri wakapumua. Walemavu wa kudumu nao wakapata kidogo mno kuliko zamani, hata mwaka 2012 ikabidi ipitishwe sheria nyengine ya kuwaongezea.

Hapo ndipo penye mtego kwa serikali yoyote yenye hazina nyembamba. Kupunguza fidia huonekana kama nafuu isiyoigharimu serikali, kwa vile fidia haipiti kwenye bajeti yake. Lakini mguu uliovunjika haupungui gharama kwa sababu sheria imebadilika. Asipolipa mwajiri, italipa Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa fedha za umma, atalipa ndugu anayeuza mwani, na atalipa mtoto aliyeacha skuli. Mimi naona hii ndiyo hesabu inayopaswa kuwekwa mezani Baraza la Wawakilishi kila inapozungumzwa nafuu kwa wawekezaji: gharama imeondoka, au imehamia kwa asiyekuwa na uwezo wa kukataa?

Kuna jambo jengine la ajabu kidogo. Uchumi ukidorora, ajali kazini kwa kawaida hupungua, kwa sababu kazi zenyewe zimepungua na wafanyakazi wapya wasiokuwa na uzoefu, ambao ndio huumia zaidi, hawaajiriwi. Lakini aliyekwisha kuumia hukaa kwenye malipo muda mrefu zaidi, maana hata akipona hakuna kazi ya kurudia. Kwa hivyo akiba hujengwa miaka ya neema. Ukisubiri shida ndiyo uchangishe, utakuta wachangiaji wenyewe wamefunga milango.

Na Pemba je? Mchumaji wa karafuu hana mshahara wa mwezi. Analipwa kwa pishi, leo shamba hili la Konde, kesho lile la jirani. Mkarafuu mkongwe ni mrefu, tawi lake ni jepesi kukatika, na mtu yuko juu kabisa, mkono mmoja unavuta kitawi kwa ngowe, mwengine unachuma. Akianguka, mwajiri wake ni nani: mwenye shamba, aliyelikodi, au aliyemwita asubuhi ile? Asilimia ya mshahara haina pa kushika hapa. Lakini karafuu zote, kisheria, zinauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na shirika hilo limewahi kuwalipa fidia wachumaji walioanguka. Penye mnunuzi mmoja, mchango unaweza kukatwa kwa kilo inapopimwa kituoni, na usitegemee kabisa nani alimwajiri nani. Fundi wa jukwaa kule Paje hana mizani kama hiyo, na kwake yeye kibali cha ujenzi ndicho kinachoweza kufanya kazi hiyo: bima ilipwe kwanza, ndipo msingi uchimbwe.