Nakshe ni nini? Suruali za Kiajemi za darizi ya hariri

Ukikutana na neno nakshe (wengine wanaandika naqsheh) kwenye habari za vitambaa vya kale vya Uajemi usihangaike, ni ndugu wa nakshi yetu hii hii ya milango ya Lamu na Zanzibar, asili yake Kiarabu. Ila kwenye habari za vitambaa linamaanisha kitu kimoja: darizi ya hariri iliyopambwa kwenye suruali za wanawake, hasa karne ya 18 na 19.

Ndio, suruali! Walikuwa wanachukua kitambaa cha pamba cha kawaida tu, halafu wanakijaza mishono midogo midogo ya hariri mpaka pamba yote inafichika, mistari minene imekwenda mshazari, kila mstari umejaa maua na majani, huu mwekundu, ule wa bluu, unaofuata mweupe, yaani hapabaki hata pa kuweka ncha ya kidole. Mtu wa kanzu za darizi hapa kwetu, ambako ua linakaa shingoni tu na kifuani, akiiona hii atashika kichwa.

Sasa hapo ndo watu wanachanganya na terme, kitambaa kingine cha Kiajemi chenye maua. Terme inafumwa, maua yanazaliwa pamoja na kitambaa kwenye mtambo, miji ya Yazd na Kerman huko Iran ndo inasifika kwa kazi hiyo. Nakshe kitambaa kilikuwepo kwanza, sindano ikafuata. Kuzitofautisha tafuta pale palipochakaa: kwenye nakshe hariri ikikatika unaiona pamba chini bado nzima. Na nyuzi nyeusi au za kahawia ndo mara nyingi zinatangulia kuisha, maana rangi hizo zilitiwa chuma na chuma kinakula hariri taratibu.

Karne ya 19 ikiendelea fasheni ikabadilika, suruali za aina hii zikaachwa, watu wakazifumua wakauza vipande. Wazungu wakavinunua kwa wingi, Wafaransa wakaviita eti vizibao vya Kiajemi, wakati havijawahi kuwa kizibao hata siku moja. Kwa hiyo ukiingia Victoria and Albert Museum pale London ukaona kipande bapa cha maua ya mshazari, usidhani ni kitambaa cha meza, huo ulikuwa mguu wa suruali ya mtu.