Hati safi si cheti cha uaminifu: soma ripoti kwanza, ndipo umuulize kiongozi

Hapa Tanzania, kila mwaka ifikapo Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikishawasilishwa bungeni, simu za kitengo chetu cha elimu kwa umma huanza kuita tangu asubuhi. Wapigaji ni wa aina mbili. Kuna wenye hasira: "Mabilioni yameliwa, mbona hamjamkamata mtu?" Na kuna wenye furaha: "Halmashauri yetu imepata hati safi, kumbe yale maneno ya mtaani yalikuwa majungu." Ukiwauliza wamesoma ukurasa wa ngapi, kimya. Wameona kipande cha video cha dakika moja kwenye WhatsApp.

Nianze na wenye furaha, maana hao ndio wanaonichosha zaidi.

Mkaguzi anapotoa hati inayoridhisha, ile mnayoiita hati safi, anachosema ni kwamba hesabu zilizoandaliwa na taasisi zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo yote ya msingi, fedha zilizoingia, zilizotoka na mali iliyopo, kwa kufuata viwango vya uhasibu. Basi. Ukinunua kiti cha laki moja kwa laki tano, ukaandika laki tano kwenye daftari na risiti ya laki tano ukaiambatisha, daftari lako liko sawa kabisa. Kwenye kiti umelanguliwa. Hati inazungumzia daftari. Habari za kiti ziko kurasa za ndani, kwenye hoja za manunuzi, na huko watu hawafiki. (Hati nyingine ni yenye shaka, isiyoridhisha, na ile ya mkaguzi kushindwa kutoa maoni kwa kuwa hakupata vielelezo.) Nimewahi kushuhudia diwani akipokewa kwa vigelegele kwa ajili ya hati safi, wakati ripoti hiyo hiyo, kurasa chache mbele, ilitaja makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, ambayo hayakufika benki.

Sasa wenye hasira. CAG hana pingu wala mahabusu. Tena si kila hoja ya ukaguzi ni wizi. Hati ya malipo iliyokosa viambatisho inaweza kuwa imefichwa, na inaweza kuwa imeliwa na mchwa stoo. Utaratibu ni huu. Mkaguzi akiona kasoro huandika hoja, na Afisa Masuuli wa taasisi, yule anayewajibika kwa fedha zake, hupewa nafasi ya kujibu na kuleta vielelezo. Vielelezo vikitosha, hoja inafungwa. Zisizofungwa ndizo zinazoingia kwenye ripoti. Mwishoni mwa Machi ripoti hukabidhiwa kwa Rais, naye kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza cha Bunge baada ya kuipokea. Kuanzia hapo Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) huwaita Maafisa Masuuli wa wizara na mashirika, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) huwaita wakurugenzi wa halmashauri. Panapokuwa na harufu ya jinai, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura ya 418, kinamtaka CAG avijulishe vyombo vya uchunguzi. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kama ilivyotungwa, iliweka kwenye kifungu cha 31 kuhusu matumizi mabaya ya mamlaka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na kwenye kifungu cha 28 kuhusu ubadhirifu, faini isiyozidi shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miaka 7, au vyote viwili. Anayehukumu ni mahakama, na mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Naomba hili lieleweke, maana wapo wanaokata ukurasa mmoja wa ripoti, wanaongeza jina la mtu kwa kalamu yao, kisha wanausambaza. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu taarifa za uongo mtandaoni, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ukurasa wenyewe unatosha. Usiongeze chumvi.

Na anayeniambia ripoti hizi hukaa makabatini, namkumbusha Mei 2012. Baada ya ripoti ya CAG kuwasha moto bungeni, Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakabaki nje. Namkumbusha pia Aprili 2023, ukaguzi ulipoonyesha madudu kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu), ikiwemo fedha kwenda kwa vikundi visivyoonekana, na Serikali ikasimamisha utoaji wake ili kutafuta utaratibu mwingine. Aliyekuwa na kikundi halali akisubiri mkopo mwaka ule anajua fika kwamba ripoti ile ilimfikia mlangoni.

Vijana ninaokutana nao kwenye semina ni wasomaji wazuri. Wananitajia vitabu vya mafanikio, maisha ya matajiri wa Marekani, namna ya kuamka saa kumi alfajiri. Sina ugomvi navyo, hata mimi ninavyo viwili kando ya kitanda na bado naamka saa kumi na mbili. Lakini kama unataka kisa cha kweli kitakachokutoa kwenye kiti, chenye mahali unapopajua, barabara unayopita na ushuru uliotoa wewe mwenyewe, kimo kwenye ripoti ya ukaguzi wa serikali za mitaa. Inapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na Kiswahili chake kipo. Usianzie ukurasa wa kwanza, utalala. Tafuta jina la halmashauri yako, soma kila aya linapotokea, kisha nenda kwenye viambatisho huko mwisho, kwani majedwali ndiyo yanayotaja kiasi. Angalia na mwaka: ripoti inayotoka Aprili inahusu mwaka wa fedha ulioishia 30 Juni ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kiongozi mpya akikujibu "mimi sikuwepo", huenda ni kweli hakuwepo. Ofisi ilikuwepo, na majalada yamo humo.

Kuna kijiji kimoja, sitakitaja, nilialikwa kwenye mkutano mkuu nieleze mambo haya. Kabla zamu yangu haijafika, Mtendaji alisoma taarifa ya mapato na matumizi. Ilikuwemo saruji mifuko 140 kwa ajili ya vyoo vya shule, kazi ya fosi akaunti, yaani ya kujenga wenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi. Bibi mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa na daftari la shule, limekunjwa ndani ya pindo la kanga.

"Mtendaji, mwanangu, mimi nakaa pale mkabala na shule. Gari lilikuja mara mbili. Siku ya kwanza walishusha mifuko 50, siku ya pili 40. Nilihesabu kwa sababu walishushia juu ya majani ya mbuzi wangu. Hii 50 iliyobaki ilishushwa wapi?"

Watu wakacheka. Mtendaji hakucheka. Mwenyekiti alitaka kusonga kwenye ajenda inayofuata, lakini sauti zikatoka nyuma: "Bibi ajibiwe!" Mtendaji akaomba muda, na mkutano uliofuata akaja na hati ya mapokezi. Kwenye fosi akaunti kunakuwa na kamati tatu, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, na wanaokaa humo ni ninyi wenyewe wananchi. Kamati ya mapokezi ilikuwa imesaini mifuko 140 kwa siku moja. Mjumbe mmoja akasimama akasema karatasi aliletewa nyumbani, akaambiwa mzigo umeshafika, akasaini. Suala likaenda kwa Mkaguzi wa Ndani wa halmashauri. Lilipofikia sasa siruhusiwi kulisema.

Tazameni lile swali. Lina idadi, lina siku, lina mahali. Huwezi kulijibu kwa "tunalifanyia kazi". Mimi hupokea maswali ya aina ya "kwa nini viongozi wetu ni wala rushwa?" na kila mara najiuliza mwandishi alitarajia kiongozi gani aliinue lile swali na kusema ni mimi.

Haki ya kuuliza hamkuazimwa na Mwenyekiti. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, nao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ibara ya 27 ya Katiba inakwenda mbali zaidi: kulinda mali ya umma ni wajibu wa kila mtu. Kwa hiyo ile kauli ya "sisi tuna mbunge, atatuulizia" naomba iishe. Mbunge hakai mkabala na shule.

Msipojibiwa mkutanoni, andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na taasisi ina siku 30 za kujibu. Taja jina lako, anwani yako na taarifa hasa unayotaka: "nakala ya hati ya mapokezi ya saruji, vyoo vya shule, robo ya pili." Ukiandika "naomba taarifa zote za fedha" umempa ofisa kisingizio mkononi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo, maana siku 30 bila muhuri hazina mwanzo. Wakikunyima waombe sababu kwa maandishi, kisha omba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Zipo taarifa zinazozuiwa kisheria, kama za usalama wa taifa. Saruji ya choo haimo. Ukiona dalili za rushwa yenyewe, TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa) wanapokea simu namba 113 bila malipo, na tangu 2015 tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Na kabla ya barua kuna ubao wa matangazo, ambako taarifa ya robo mwaka hubandikwa. Nimepita ofisi nyingi za vijiji nikakuta ubao wa kioo, kufuli limepata kutu, na ndani tangazo la chanjo ya mwaka uliopita. Mtendaji atawaambia ufunguo anao Mwenyekiti. Mwenyekiti atawaambia anao Mtendaji. Waulizeni wakiwa wamekaa meza moja, siku ya mkutano.