Propu sio wa kusukuma skramu tu

Watu wamezoea kusema propu, yule mchezaji wa safu ya mbele kwenye raga, ni mnene tu wa kusukuma skramu (pale wachezaji wa timu mbili wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira), eti mbio na akili ya mpira ni za wenzake, lakini jamani mcheki Gethin Jenkins wa Wales. Machi 2005 pale Cardiff, Ireland wanacheza nao, Ronan O'Gara anapiga mpira na Jenkins, propu mzima, anauzuia kwa mwili, anausukuma mbele kwa mguu, anaukimbilia na kufunga trai mwenyewe, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani! Wales wakashinda 32-20 wakabeba Grand Slam, yaani kushinda mechi zote za Six Nations, ya kwanza tangu 1978. Na haikuwa bahati ya siku moja, alikuwa anakaba na kuangusha wapinzani na kupora mpira chini mechi nzima, akamaliza na mechi 129 za Wales.